Kuotea katika Soka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watazamaji, wachezaji na walimu wa timu za mitaani wa Unguja na Pemba, na msingi wake ni Sheria ya 11 ya mchezo wa soka. Msomaji asiye na muda wa kusoma yote akae na jambo moja tu: mabishano mengi yanayohamia barazani baada ya mechi ya Amaan au Gombani huzuka kwa sababu watu hukumbuka mahali mchezaji alipokuwa wakati anaupokea mpira, ilhali sheria inauliza alikuwa wapi wakati mwenzake anaupiga.

Kuotea ni nini hasa?

Sheria inatenganisha mambo mawili ambayo watazamaji wengi huyachanganya. La kwanza ni kuwa katika nafasi ya kuotea, na hilo peke yake si kosa. Mchezaji yuko katika nafasi hiyo ikiwa sehemu yoyote ya kichwa, kiwiliwili au miguu yake imo katika nusu ya uwanja ya wapinzani, na sehemu hiyo iko karibu zaidi na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Masharti hayo yote lazima yatimie kwa pamoja. Likikosekana moja, hakuna nafasi ya kuotea.

La pili ni kutenda kosa la kuotea. Kosa hutendeka pale mchezaji ambaye alikuwa katika nafasi hiyo wakati mwenzake alipoupiga au kuugusa mpira anaposhiriki katika mchezo, ama kwa kuucheza mpira huo, ama kwa kumwingilia mpinzani, ama kwa kufaidika na nafasi aliyokuwa nayo. Kwa hiyo refa hujiuliza maswali mawili kwa mpangilio huo huo: alikuwa wapi mpira ulipopigwa, kisha alifanya nini.

Kwa nini mchezaji aliyeonekana peke yake mbele ya kipa hakupulizwa filimbi?

Kwa sababu mbio zina kasi na macho yetu huchelewa. Kiungo anapoachia pasi ndefu, winga mwenye mbio anaweza kuwa sambamba na beki, na mpira unapomfikia sekunde mbili baadaye amekwisha kumwacha kwa hatua kadhaa. Aliye jukwaani alikuwa anautazama mpira angani, akashusha macho na kumkuta winga yuko peke yake, akapiga kelele kwamba ameotea. Hajaotea. Kinyume chake pia hutokea: mshambuliaji aliyekuwa mbele ya mabeki wakati wa pasi hurudi nyuma na kuupokea mpira mbele ya macho ya kila mtu, huku mabeki wawili wakiwa mbele yake. Huyo ameotea, ingawa picha ya mwisho inamwonesha kuwa halali.

Wakati unaohesabiwa ni ule ambapo mguu au kichwa cha mpiga pasi kinagusana na mpira kwa mara ya kwanza. Ikiwa ni kipa anayerusha mpira kwa mkono, kinachoangaliwa ni pale mpira unapoachana na mkono wake.

Je, kuna kuotea ikiwa mpira umepigwa kwenda nyuma?

Uelekeo wa mpira hauna uzito wowote katika sheria hii. Kinachoangaliwa ni kama mpokeaji alikuwa mbele ya mpira. Ndiyo maana winga anayefika karibu na kibendera cha kona kisha akarudisha krosi ya chini kwa mwenzake aliye nyuma ya mpira hamfanyi mwenzake aotee, hata kama mbele yao amebaki kipa peke yake. Walimu wetu wa timu za mitaani wangefanya vyema kuifundisha mbinu hii zaidi kuliko krosi za juu zinazoishia mikononi mwa kipa.

Ni sehemu zipi za mwili zinazohesabiwa?

Kichwa, kiwiliwili na miguu. Mikono haihesabiwi kwa mchezaji yeyote, hata kipa, na mpaka wa juu wa mkono ni usawa wa chini ya kwapa. Mshambuliaji anayenyoosha mkono kumwonesha mwenzake mahali pa kupiga pasi haotei kwa mkono huo, lakini akiwa ameinama na bega limetangulia, bega hilo linahesabiwa.

Na akilingana na beki?

Ni halali. Tangu mwaka 1990 mchezaji aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au na wapinzani wawili wa mwisho, hana nafasi ya kuotea.

Ni lazima kipa awe mmoja wa wale wapinzani wawili?

Hapana, na hapa ndipo hata wachezaji wazoefu hukosea. Sheria inamtaja mpinzani wa pili kutoka mwisho bila kujali kama ni kipa au ni beki. Kwa kawaida kipa ndiye wa mwisho, hivyo tumezoea kumtazama beki mmoja tu. Kipa akitoka langoni, hesabu inabadilika na inahitaji mabeki wawili.

Mfano ambao wengi wa rika la watu wazima wanaukumbuka ni mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la 2010 kati ya Afrika Kusini na Mexico. Mexico walipiga kona, mpira ukaguswa kwa kichwa na mchezaji wao, na Carlos Vela akautia wavuni. Kipa Itumeleng Khune alikuwa ametoka kuufuata mpira, na aliyebaki karibu na mstari wa goli ni mlinzi mmoja tu. Goli likakataliwa, watazamaji wengi wakashangaa kwa kuwa walimwona mlinzi amesimama pale mstarini, lakini waamuzi walikuwa sahihi: kati ya Vela na mstari wa goli kulikuwa na mpinzani mmoja, si wawili. Mechi ikaisha kwa sare ya 1-1.

Lakini ilikuwa kona. Si tunaambiwa kona haina kuotea?

Mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kona, kwenye mpira wa kurusha au kwenye mpira wa goli hauna kuotea. Msisitizo uko kwenye maneno moja kwa moja. Mara tu mchezaji mwenzake anapougusa mpira huo, pigo jipya limezaliwa na hesabu inaanza upya, kama ilivyomtokea Vela. Mpira wa adhabu haumo katika orodha hiyo. Faulo ikipigwa, sheria ya kuotea inafanya kazi kama kawaida.

Mchezaji akianzia katika nusu yake ya uwanja anaweza kuotea?

Hawezi, maadamu kichwa, kiwiliwili na miguu yake yote imo katika nusu yake mpira unapopigwa. Mstari wa katikati wenyewe haumo katika nusu ya wapinzani kwa ajili ya sheria hii, kwa hiyo aliyeukanyaga bila kuuvuka yuko salama.

Mchezaji hakuugusa mpira kabisa. Vipi ahukumiwe kwa kuotea?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndipo hukumu ya refa inapohitajika zaidi kuliko kipimo cha mstari. Kumwingilia mpinzani si lazima kuwe kwa kuugusa mpira. Mchezaji aliye katika nafasi ya kuotea anahesabiwa kuwa amemwingilia mpinzani ikiwa ameziba wazi macho ya kipa asiuone mpira, ikiwa amegombea mpira na mpinzani, ikiwa amejaribu waziwazi kuucheza mpira ulio karibu naye na jaribio hilo likamwathiri mpinzani, au ikiwa amefanya kitendo cha dhahiri kilichompunguzia mpinzani uwezo wa kuucheza mpira.

Anayesimama pembeni mbali na shambulizi, mikono kiunoni, hajaingilia chochote. Anayesimama mita chache mbele ya kipa, kwenye njia ya macho yake, wakati mwenzake anapiga shuti kutoka mbali, ameingilia hata kama hajainua mguu.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna eneo la ubishi, na mechi ya Manchester United na Manchester City ya Januari 2023 ilituonesha ubishi huo kwa ukubwa wake. Marcus Rashford alikuwa katika nafasi ya kuotea pasi ilipopigwa, akaukimbilia mpira na kwenda nao bega kwa bega bila kuugusa, kisha Bruno Fernandes, ambaye hakuwa ameotea, akatokea nyuma na kufunga. Mshika kibendera alikuwa ameinua kibendera, lakini refa akalikubali goli kwa hoja kwamba Rashford hakuucheza mpira na hakumzuia mpinzani yeyote. Mwandishi wa majibu haya anaona kwamba mabeki wa City na kipa wao walicheza kwa kumfuata Rashford, na kwamba mtu anayekimbia juu ya mpira kwa umbali ule amefanya kitendo cha dhahiri. Hata hivyo, msomaji anayelikubali goli lile naye ana maneno ya sheria ya kushikia.

Mpira ukimgusa beki kabla ya kumfikia aliyeotea, kosa linafutika?

Inategemea beki aliufanya nini. Mpira ukimgonga tu na kubadilisha njia, kosa halifutiki. Akiokoa mpira uliokuwa unaelekea wavuni au karibu sana na lango, kosa halifutiki pia. Lakini akiucheza kwa makusudi, kwa mfano akajaribu kumrudishia kipa akakosea, mshambuliaji aliyekuwa mbele anauchukua kwa halali.

Tatizo lilikuwa katika maana ya makusudi. Katika fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya mwaka 2021, Kylian Mbappé alikuwa mbele ya mabeki wa Hispania pasi ilipopigwa. Eric García akajitupa kuuzuia mpira, akaugusa kidogo, nao ukaendelea hadi kwa Mbappé aliyefunga goli la ushindi wa 2-1 wa Ufaransa. Goli lilikubaliwa kwa kuwa mguso wa García ulihesabiwa kuwa wa makusudi. Malalamiko yalikuwa mengi, na ni kweli kwamba uamuzi ule ulimwadhibu beki kwa kujitahidi. Mwaka 2022 IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, kilitoa ufafanuzi: beki anahesabiwa kuwa ameucheza mpira kwa makusudi pale alipokuwa na udhibiti wa mwili wake na nafasi ya kuutuliza, kuupasia au kuuondosha mpira. Refa huangalia kama mpira ulitoka mbali na beki aliuona vizuri, kama haukuwa na kasi kubwa, kama alipata muda wa kujipanga, na kama mpira ulikuwa chini au hewani. Beki aliyejinyoosha kwa dharura akaugusa kwa ncha ya kiatu hatimizi vigezo hivyo kwa urahisi.

Shuti limegonga mwamba na kurudi kwa mshambuliaji. Ameotea?

Rudi kwenye wakati wa shuti. Kama wakati ule alikuwa katika nafasi ya kuotea, basi ameotea, kwa kuwa amefaidika na nafasi hiyo. Kama alikuwa nyuma ya mpira au sambamba na beki, goli ni halali. Hukumu ni ile ile kipa anapoutema mpira.

Beki amelala nje ya uwanja. Je, anahesabiwa?

Anahesabiwa. Beki aliyetoka uwanjani bila ruhusa ya refa huchukuliwa kuwa yuko juu ya mstari wa goli au wa pembeni, hadi mchezo usimame au hadi timu yake iucheze mpira kuelekea katikati na mpira huo uwe umetoka nje ya eneo lao la penalti. Bila kifungu hicho, beki angeweza kuruka nje ya mstari kila mara ili kumwotesha mshambuliaji. Na anayefanya hivyo kwa makusudi huoneshwa kadi ya njano mpira unaposimama. Katika mashindano ya Ulaya ya 2008, Christian Panucci wa Italia alikuwa ameanguka nyuma ya mstari wa goli baada ya kugongana na kipa wake, na Ruud van Nistelrooy wa Uholanzi akafunga akiwa anaonekana peke yake. Goli lilisimama, na Uholanzi ikashinda 3-0.

Kwa nini mshika kibendera huchelewa kuinua kibendera?

Kwa sababu anasubiri kuona nani ataucheza mpira. Wachezaji wawili wakikimbilia pasi, mmoja ameotea na mwingine hakuotea, kibendera cha haraka kinaweza kuua shambulizi halali. Penye VAR, yaani waamuzi wanaomsaidia refa kwa picha za video, mshika kibendera huagizwa asubiri zaidi kama nafasi ya goli iko karibu, ili goli lisipotezwe kwa kosa lisiloweza kurekebishwa.

Watazamaji wa jukwaani wanaweza pia kusoma ishara yake. Akiisha kuinua kibendera wima na refa kupuliza filimbi, hukinyoosha kuonesha mahali pa kosa: kikielekea juu kidogo ni upande wa mbali wa uwanja, kikiwa sawasawa ni katikati, kikielekea chini ni upande wake wa karibu.

Mtego wa kuotea unafanyaje kazi, na unafaa kwa timu zetu?

Mabeki husogea mbele kwa pamoja kabla tu ya pasi kupigwa, wakamwacha mshambuliaji nyuma yao. Mfano wa karibuni wenye mafanikio makubwa ni wa Saudi Arabia dhidi ya Argentina katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar. Safu yao ilisimama juu sana, na katika kipindi cha kwanza Argentina ilikataliwa magoli matatu kwa kuotea, moja la Lionel Messi na mawili ya Lautaro Martínez. Saudi Arabia ikashinda 2-1.

Mtego huo unahitaji mabeki wanaosogea kama mtu mmoja, na unahitaji waamuzi wasaidizi walio sambamba na beki wa pili kutoka mwisho wakati wote. Katika mechi nyingi za mitaani, iwe Wete au Makunduchi, refa anaweza kuwa peke yake, au kibendera akakabidhiwa mtu aliyeombwa dakika tano kabla. Timu inayotegemea mtego katika hali hiyo inaweka hatima yake kwenye jicho lisilo mahali pake. Ni afadhali mabeki wamfuate mtu.

VAR inabadilisha sheria?

Haibadilishi neno hata moja, inabadilisha kipimo. VAR iliingia katika sheria za mchezo mwaka 2018 na ikatumika katika Kombe la Dunia la mwaka huo nchini Urusi. Qatar 2022 ikaongeza mfumo wa kamera 12 chini ya paa la uwanja zinazofuatilia nukta 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, pamoja na kihisi ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, hivyo wakati hasa wa pasi unajulikana. Mfumo huo ulifanya kazi mapema sana: goli la Enner Valencia wa Ecuador katika mechi ya ufunguzi lilikataliwa ndani ya dakika chache za mwanzo.

Mechi zetu nyingi za ndani huchezwa bila VAR, na uamuzi wa jicho la mshika kibendera ndio kipimo pekee. Anayemtukana kwa sababu ameona picha ya simu iliyopigwa kutoka nyuma ya goli ajue kwamba picha ya pembe ile haiwezi kuthibitisha kuotea. Anayeweza kuona sawa ni yule tu aliye kwenye usawa wa mabeki.

Vijana wanaocheza ufukweni wanapaswa kutumia sheria hii?

Soka la ufukweni halina kuotea katika sheria zake rasmi, wala futsal, yaani soka la ndani la timu ndogo, haina. Hilo linaeleza kwa nini kijana aliyekulia akicheza mchangani wakati maji yamekupwa huja kwenye uwanja wa nyasi akiwa na mguu mzuri na tabia ya kusubiri mpira karibu na kipa wa wapinzani. Mwalimu asimlaumu, amfundishe kutazama bega la beki kabla ya kuomba mpira.

Sheria hii imeanza lini?

Sheria za Chama cha Soka cha Uingereza za mwaka 1863 zilimfanya kila aliye mbele ya mpira kuwa nje ya mchezo. Mwaka 1866 ikaruhusiwa kuwa mbele ya mpira maadamu kuna wapinzani watatu mbele yako, na mwaka 1907 nusu ya uwanja wa timu yako ikaondolewa katika sheria. Badiliko kubwa lilikuja 1925, wapinzani watatu walipopunguzwa kuwa wawili. Magoli yakaongezeka sana msimu uliofuata, na timu zikalazimika kumrudisha kiungo wa kati kuwa beki wa tatu, mfumo uliopata umaarufu Arsenal chini ya Herbert Chapman.

Zanzibar ina sheria yake?

Hapana. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, lakini mpira unachezwa kwa sheria zile zile za IFAB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1886, ambacho FIFA ina kura nne na vyama vinne vya visiwa vya Uingereza vina kura moja kila kimoja. Badiliko lolote linahitaji kura sita kati ya nane. Pendekezo la Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, kwamba mshambuliaji asihesabiwe kuotea hadi mwili wake wote uwe umempita beki, litatuhusu pale tu litakapopita hapo.

Adhabu ya kuotea ni ipi?

Ni pigo la adhabu lisilo la moja kwa moja, linalopigwa mahali kosa lilipotendeka. Mahali hapo panaweza kuwa hata katika nusu ya uwanja ya mkosaji mwenyewe, kwa mfano aliyekuwa mbele wakati wa pasi kisha akarudi kuuchukua mpira nyuma ya mstari wa katikati. Hakuna kadi kwa kosa la kuotea lenyewe.

Refa akikubali goli kisha akaona amekosea, anaweza kulifuta?

Anaweza, kwa mfano baada ya kuongea na mshika kibendera wake, maadamu mpira haujaanzishwa tena katikati. Ukishaanzishwa, goli limebaki. Nahodha anayeamini kwamba kuna kuotea amfuate refa kwa adabu, na mapema.